Jinzi za buluu arobaini: jibu kwa fundi anayeuliza kazi ya mbunifu wa maleba

Swali: Msomaji wetu mmoja, fundi cherehani wa Morogoro, ameandika kwamba ameshona nguo kwa miaka 11, na kwamba mwaka huu kikundi cha maigizo cha mtaani kwake kilimwomba awashonee maleba, yaani mavazi ya jukwaani, ya mchezo wao mpya. Alipotaka vipimo vya waigizaji, mwongozaji alimjibu kuwa kwanza anatafuta mbunifu, fundi ataitwa baadaye, na jibu hilo lilimkera. Anauliza mambo matatu: mbunifu wa maleba anafanya nini ambacho fundi mzoefu hakifanyi? Je, yupo mtu ambaye kazi hiyo ilimlisha maisha yake yote, na aliingiaje? Na mtu asiyejua kuchora vizuri anaweza kuianza?

Jibu: Ndugu yangu fundi, hukukosea kukereka, ingawa mwongozaji naye hakukosea kukitafuta alichokitafuta, kosa lake lilikuwa kudhani kwamba lazima wawe watu wawili. Ningeweza kukupa maelezo ya vitabuni kuhusu mgawanyo wa kazi, lakini naona utanielewa haraka zaidi nikikusimulia habari za suruali.

Tarehe 26 Septemba 1957, katika ukumbi wa Winter Garden mjini New York, ulizinduliwa mchezo wa muziki uitwao West Side Story, unaohusu magenge mawili ya vijana wanaogombea mtaa. Vijana wa aina hiyo huvaa jinzi, na mtu yeyote angesema jambo ni rahisi, kwamba mtu aende dukani akanunue jinzi za kutosha. Mbunifu wa maleba wa mchezo huo, Irene Sharaff, hakufanya hivyo. Vijana wale walikuwa wachezaji ngoma, na mwongozaji wao, Jerome Robbins, alikuwa akiwataka waruke, wapige msamba na kurusha mguu hadi usawa wa uso, mambo ambayo jinzi ngumu ya dukani haiyavumilii bila kuachia mshono. Basi Sharaff alitengenezesha suruali za pekee, kitambaa chake kikachovywa, kikatiwa rangi, kikapigwapigwa mpaka kikalegea, kisha kikatiwa rangi tena. Kila suruali iligharimu dola 75, mara nyingi ya bei ya jinzi ya dukani mwaka ule.

Mmoja wa watayarishaji, Harold Prince, kijana makini na mwenye mkono mzito kwenye fedha, aliona huo ni upuuzi mtupu. Suruali zile zilipochakaa, aliagiza zinunuliwe za dukani badala yake. Baada ya muda alirudi kuutazama mchezo wake, akaona umepoa, na hakuweza kusema kilichopungua ni nini, kwa maana waigizaji, muziki na taa vilikuwa vilevile. Alipochunguza ndipo alipotambua kwamba jinzi za Sharaff hazikuwa za buluu moja, bali zilikuwa za buluu zipatazo arobaini zilizotofautiana kidogo sana, na kwamba tofauti hizo ndogo ndizo zilizokuwa zikitetemesha jukwaa zima kila wachezaji waliposogea pamoja. Za dukani zilikuwa buluu moja tu. Kisa hiki alikisimulia Prince mwenyewe baadaye, tena kwa kujilaumu, na kwa mtayarishaji hilo si jambo dogo.

Hapo ndipo ilipo tofauti uliyoniuliza. Fundi huulizwa nguo itamkaaje mtu aliyesimama mbele yake, na wewe kwa miaka 11 umelijibu swali hilo vizuri, la sivyo wateja wangekukimbia. Mbunifu huulizwa nguo hiyo itaonekanaje kando ya nguo nyingine ishirini, chini ya taa za jukwaa, kwa mtu aliyekaa mstari wa mwisho kabisa, katika onyesho la mia tatu baada ya kufuliwa mara mia tatu. Mteja wako wa kawaida hujitazama kwenye kioo akiwa peke yake, ilhali mwigizaji hajitazami kabisa, anatazamwa, na karibu kila mara anatazamwa akiwa na wenzake.

Ngoja nikiri kosa langu mwenyewe, kwa sababu nililifanya nikiwa na umri wa kutosha kuliepuka. Miaka mingi iliyopita nilimvika mwigizaji wa nafasi ya kadhi kanzu ya satini nyeupe pe, iliyoshonwa na fundi hodari kuliko mimi, na mchana kwenye mazoezi kila mtu aliisifu. Usiku taa zilipowashwa, ile kanzu iliwaka kama bati la paa jipya. Uso wa mwigizaji ulimezwa, na watazamaji walitumia onyesho zima kuitazama kanzu badala ya kumsikiliza kadhi. Siku ya pili tulichemsha sufuria kubwa ya chai ya rangi, tukaichovya kanzu humo mpaka ikawa na rangi ya maziwa yaliyokaa, na jioni watu wote waliapa kwamba kadhi amevaa nyeupe. Wabunifu wa nchi nyingi hufanya hivyo hivyo kwa mashati na leso, kwa kuwa nyeupe halisi haifai jukwaani.

Sasa nije kwenye swali lako la pili, ambalo jibu lake ni ndiyo, na nitaendelea na mama huyohuyo wa jinzi. Irene Sharaff alizaliwa Boston mwaka 1910, akasoma uchoraji mjini New York akiwa na nia ya kuwa mchoraji wa picha. Aliingia kwenye maleba kwa mlango ambao hata leo ndio ulio wazi zaidi, yaani kwa kuwa msaidizi wa mtu. Mwaka 1928 alianza kumsaidia Aline Bernstein, mbunifu wa kampuni ya Civic Repertory Theatre iliyoongozwa na mwigizaji Eva Le Gallienne katika mtaa wa 14 mjini New York. Kampuni ile iliuza tiketi kwa bei nafuu na ilikuwa na michezo mingi kwa wakati mmoja, leo huu, kesho ule. Kwa msaidizi hiyo ni shule isiyo na likizo, maana utaona nguo za mfalme na za mwombaji zikipita mikononi mwako katika wiki moja. Huyo Bernstein mwenyewe alikuwa amefungua njia ngumu: mwaka 1926 alikuwa mwanamke wa kwanza kukubaliwa katika chama cha wafanyakazi cha wabunifu wa jukwaa wa Marekani, chama ambacho kilikuwa sehemu ya muungano wa wapaka rangi na wabandika karatasi za ukutani.

Baada ya hapo Sharaff alikwenda Paris, akasoma zaidi, na huko akaona jambo lililomkaa kichwani maisha yake yote: wachoraji wakubwa kama André Derain na Christian Bérard walikuwa wakibuni mavazi na mandhari ya jukwaa bila kuona kwamba wanajishusha. Aliporudi, Le Gallienne alimpa kazi ya kubuni Alice in Wonderland ya mwaka 1932, na akaamua kuifuata michoro ya John Tenniel, ambayo kila mtoto wa Kiingereza aliijua kutoka kitabuni. Mwaka uliofuata alipata kazi iliyomtambulisha Broadway, yaani kwenye kumbi kubwa za maigizo za New York, nayo inafaa kuangaliwa kwa karibu.

Onyesho lenyewe liliitwa As Thousands Cheer, la nyimbo za Irving Berlin, na kila sehemu yake ilijengwa kama habari ya gazeti. Sehemu mojawapo ilihusu maandamano ya Pasaka ya zamani katika barabara ya Fifth Avenue, watu wakiwa wamevaa kofia zao mpya. Mtu mwingine angeimwagia rangi zote za upinde wa mvua, kwani ni sikukuu. Sharaff alikumbuka kwamba magazeti ya Jumapili ya wakati ule yalikuwa na kurasa za picha zilizochapwa kwa wino wa kahawia, basi akavivika kahawia, hudhurungi na rangi ya maziwa vitu vyote vilivyokuwa jukwaani, kofia, miavuli, glavu, hata viatu. Pazia lilipofunguka, watazamaji waliona ukurasa wa gazeti umesimama, kisha ukurasa ukaanza kutembea. Alikuwa na umri wa miaka 23. Unaona kwamba hakuna mshono wa ajabu hapo; fundi yeyote mzuri angeweza kushona gauni lile moja moja. Kilichokuwa kigumu ni kukataa rangi nyekundu.

Miaka ya 1940 alichukuliwa na studio ya MGM huko Hollywood, na tangu hapo akawa anakwenda na kurudi kati ya filamu na jukwaa, jambo ambalo wabunifu wengi hawakuliweza. Filamu nitazipitia upesi kwa sababu umeuliza jukwaa. Alipata tuzo 5 za Oscar, ya kwanza kwa An American in Paris ya mwaka 1951, aliyoshirikiana na wabunifu wawili wengine na ambamo yeye alishughulikia ile ngoma ndefu ya mwisho inayofuata mitindo ya wachoraji wa Ufaransa, na ya tano kwa Who's Afraid of Virginia Woolf? ya mwaka 1966. Katikati alimvika mwigizaji Elizabeth Taylor mavazi 65 katika filamu ya Cleopatra, na hayo ndiyo watu huyakumbuka kwa sababu ya dhahabu. Mimi naiheshimu zaidi ile ya tano: ni filamu ya picha nyeusi na nyeupe kuhusu mwalimu wa chuo na mkewe wanaogombana usiku kucha, na nguo zake ni sweta na sketi za watu waliochoka, zisizompendeza mtu. Kumfanya Elizabeth Taylor aonekane mtu asiyejali tena anavaa nini ni kazi kuliko kumvika dhahabu.

Kazi ya jukwaani ambayo ningetaka uielewe kwa undani ni The King and I, mchezo wa muziki uliozinduliwa Machi 1951 na kuonyeshwa mara 1,246, kuhusu mwalimu Mwingereza katika jumba la mfalme wa Siam, nchi tunayoiita leo Thailand. Sharaff aliagiza hariri kutoka Bangkok, ambako Mmarekani Jim Thompson alikuwa akiufufua ufumaji wa mikono uliokuwa ukififia. Wewe unavijua vitambaa, kwa hiyo utaelewa upesi: mafundi wale hufuma nyuzi za mtande, zile za urefu, kwa rangi moja na za mshindio, zile za upana, kwa rangi nyingine, hivyo mvaaji akigeuka, kitambaa nacho kinageuka, na kwenye taa hakitulii. Hariri iliyofumwa kwa rangi moja tu haiwezi kufanya hivyo. Mchezo ule uliitangaza hariri ya Thailand kwa watu wengi ambao hawakuwahi kuisikia, na Sharaff alipata tuzo ya Tony, tuzo ya michezo ya Broadway, mwaka 1952.

Dhidi ya hariri hiyo inayoshika mwili, alimvika mwalimu, aliyeigizwa na Gertrude Lawrence, magauni ya Kiingereza ya wakati ule, yenye sketi pana iliyotanuliwa kwa pete kutoka ndani kama tenga la kuku. Ndani ya mchezo, wake za mfalme wanaamini kwamba mwalimu anavaa hivyo kwa sababu ndivyo alivyoumbwa. Mzaha huo umo katika maandishi, lakini usingemchekesha mtu kama sketi isingekuwa kubwa ya kutosha kulijaza jukwaa. Kisha inakuja ngoma ya mfalme na mwalimu, wimbo wa "Shall We Dance?", naye mfalme amevaa nguo za kwao miguu ikiwa wazi, na ile sketi inazunguka kumzidi yeye aliyeishika. Mavazi yanakuambia ni nani asiyezoea kushindwa, kabla hajafungua kinywa. Lawrence alifariki Septemba 1952, mchezo ukiendelea, akazikwa na gauni la ngoma ile.

Kwa mfalme kuna kisa ambacho huwasimulia wanafunzi wangu kila mwaka. Yul Brynner, aliyeigiza nafasi hiyo, alikuja akiwa na upara na ukingo wa nywele nyeusi kuzunguka kichwa. Akamuuliza Sharaff afanye nini na hizo nywele. Sharaff akamwambia anyoe. Brynner alishtuka na kukataa, akidai ana kibonyeo utosini, lakini mwishowe alinyoa, na kichwa kile ndicho dunia ilichomjua nacho mpaka alipofariki. Hakuna mita hata moja ya kitambaa iliyotumika, na bado ulikuwa uamuzi wa mbunifu wa maleba, kwa kuwa kazi yake inaanzia utosini hadi kwenye kisigino.

Umeuliza pia kama kazi hii inalisha. Ilimlisha Sharaff kwa zaidi ya miaka 50, kutoka ule usaidizi wa 1928 hadi filamu yake ya mwisho mwaka 1981, lakini angalia ilivyomlisha: michezo ya Broadway, filamu za studio, mavazi ya ngoma za balei, na kila kimoja kilipolegea alishika kingine. Hata tuzo hazikuwepo alipoanza. Tony za maleba zilianza 1947 na Oscar za maleba zikaanza kutolewa 1949, naye alikuwa ameshafanya kazi karibu miaka ishirini. Leo mbunifu wa Broadway analindwa na mkataba wa chama: hupewa ada kwa mafungu, kisha malipo madogo ya kila wiki mchezo unapoendelea, kwa hiyo mchezo mmoja unaodumu humlisha mtu kupitia mitano inayoanguka. Kwetu mikataba ya namna hiyo ni nadra, na mbunifu wa maleba ambaye hana cherehani, darasa la kufundisha au kazi za filamu na matangazo pembeni hulala njaa. Nakuambia hili ili usije ukafunga kibanda chako kwa kuwa umesoma habari za Oscar 5.

Kuhusu maisha yake binafsi nitasema kidogo tu. Aliishi kwa miaka mingi na mwenzi wake Mai-mai Sze, mchoraji na mwandishi mzaliwa wa China, na alifariki New York mwaka 1993 akiwa na miaka 83. Mwaka huohuo tuzo ya wabunifu wa maleba iliyopewa jina lake ilianza kutolewa, na wa kwanza kutunukiwa kwa kazi ya maisha alikuwa yeye mwenyewe.

Nirudi kwenye lile neno "fundi" lililokukera, maana yupo mtu mwingine ambaye habari zake zitakufaa. Barbara Karinska, mzaliwa wa Kharkiv, alikuwa mshonaji: wachoraji na wabunifu walimletea michoro, yeye akaigeuza kuwa nguo. Mwaka 1949 alipata Oscar pamoja na Dorothy Jeakins kwa mavazi ya filamu Joan of Arc, na katika ngoma za balei za mtunzi George Balanchine akaanza kubuni mwenyewe. Sketi fupi ya balei iliyokuwa ikitegemea pete ya waya kukaa mlalo, ikigongana na za wenzake kila wachezaji walipokaribiana, aliitolea ile pete akazipanga tabaka za nyavu fupi zilizoshikana zenyewe kwa mishono, na aina hiyo ndiyo inayovaliwa katika kampuni nyingi hadi sasa. Wazo kama lile haliwezi kumjia mtu asiyejua uzi unavuta upande gani. Kwa hiyo mwongozaji wako akikuambia tena kwamba anatafuta mbunifu, mwulize kama ameshampata, na kama hajampata mwombe nakala ya mchezo.

Swali la tatu, la kuchora. Sharaff alichora vizuri sana, lakini mchoro wa maleba si picha ya kutundika sebuleni, ni maagizo kwa karakana: mshono upite wapi, pindo liishie wapi, kitambaa kianguke au kisimame, na pembeni kinabanwa kipande cha kitambaa chenyewe. Ukiweza kuchora mwili wa mtu kwa mistari sita na kubandika kipande cha kitambaa halisi, umeshasema zaidi ya mchoro mzuri usio na kitambaa. Kitu ambacho huwezi kukikwepa ni jedwali. Usome mchezo mara mbili, ya kwanza bila kalamu, kisha upige mistari: wahusika kushoto, maonyesho juu, na katika kila chumba cha jedwali uandike mhusika amevaa nini na anakuwa jukwaani na nani. Hapo utagundua, kwa mfano, kwamba shangazi anatoka akiwa na nguo za msiba na anarudi harusini baada ya mistari minane ya mazungumzo, yaani chini ya dakika moja, na kwamba vile vifungo 14 vya mgongoni ulivyovifikiria vitabaki kuwa urembo juu ya zipu au velkro iliyofichwa. Utagundua pia kwamba katika onyesho la mwisho watu saba wanasimama pamoja na watano kati yao umewavika kijani.

Kabla ya kununua jora zima, omba upewe nusu saa ukumbini pamoja na mtu wa taa. Chukua nusu mita ya kila kitambaa unachokifikiria, mwombe kijana mmoja ajifunge kimoja baada ya kingine, atembee, ageuke, akae chini, nawe ukakae kwenye kiti cha nyuma kabisa. Beba kalamu na kile kitabu chako cha vipimo, kwa maana utakachokiona kutoka pale nyuma hakitafanana na ulichokishika mkononi dukani.